Swali Lililochekwa Jukwaani

Kila Jumamosi asubuhi Abdiel Kaaya alikuwa na kawaida yake. Alimsaidia mkewe, Anneth, kubeba vitambaa mpaka soko la Kwa Mrombo, kwa sababu Anneth ni fundi cherehani na ana kibanda chake pale. Kisha alirudi nyumbani Elerai, akajimiminia chai, akafungua kompyuta na kuingia kwenye jukwaa lake.

Jukwaa hilo liko mtandaoni. Linaitwa Mafundi Programu Meru. Ni mahali pa watu wanaoandika programu za kompyuta na za simu. Mtu akikwama katika kazi yake, anauliza hapo, na wenzake wanamjibu. Abdiel alilianzisha miaka minne iliyopita pamoja na rafiki yake Hans. Wakati huo walikuwa watu saba. Sasa orodha ilionyesha watu elfu moja mia moja sitini na tatu.

Abdiel aliipenda sana namba hiyo. Aliwatajia watu kazini. Alimtajia hata kinyozi wake.

Lakini Jumamosi hiyo kitu kilimsumbua. Alisoma mazungumzo ya asubuhi. Hans alikuwa ameandika. Pratik alikuwa amemjibu Hans. Suresh alikuwa amembishia Pratik. Akashuka mpaka mazungumzo ya jana. Majina yalikuwa yale yale. Ya juzi, yale yale.

"Sasa hawa wengine elfu nzima wako wapi?" alijiuliza.

Akachukua karatasi na kalamu, akaanza kuhesabu. Mwezi uliopita watu hamsini na wanane walijiunga. Kati yao, kumi na tisa waliandika kitu. Kati ya hao kumi na tisa, ni wawili tu walioandika mara ya pili. Chai ilipoa pembeni yake.

Mchana alimpelekea Anneth chakula sokoni. Akamweleza alichokiona.

"Watu kumi na saba wameuliza mara moja, kisha kimya," alisema. "Wamekwenda wapi?"

Anneth alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja.

"Mteja akiingia hapa kwangu akatoka bila kusema kitu, mimi najiuliza nilimwangaliaje," alisema. "Nyie mliwaangaliaje?"

"Mtandaoni hatuangaliani, Anneth."

"Basi mliwajibuje?"

Abdiel akafunua chakula alichomletea.

"Kamwone Mwalimu Harleen," mkewe alimwambia. "Si alishakwambia anasaidia jukwaa kama lenu, lile kubwa la nchi nyingi? Wewe ulikuwa unamsikiliza kwa adabu tu."

Mwalimu Harleen ni jirani yao. Alizaliwa Arusha, na ndugu zake wana duka la vipuri vya magari mjini. Yeye alifundisha kompyuta chuoni mpaka alipostaafu. Kwa miaka mingi amekuwa akijitolea kwenye jukwaa la kimataifa la waandishi wa programu. Kazi yake huko ni moja: kuwapokea wanaoanza.

Abdiel alimkuta barazani akimenya njegere.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, baba. Kaa. Leo una uso wa mtu aliyepoteza kitu."

Abdiel akamwonyesha karatasi yake. Mwalimu Harleen aliisoma, akairudisha, akafuta mikono.

"Mimi siwezi kusema lolote juu ya nyumba ambayo sijaingia," alisema. "Nitajiunga sasa hivi, kama mgeni. Wewe kaa hapa uangalie. Ila usiongee."

Akachukua simu yake. Abdiel akaketi karibu. Moyo wake ulikuwa na hamu, kama mtu anayengoja mgeni aonje mboga aliyoipika.

"Haya, nimeingia," alisema Mwalimu Harleen. "Nimekaribishwa na mashine. Kwa Kiingereza. Ninyi mnaongea Kiswahili humu, sivyo?"

Abdiel alitikisa kichwa kukubali.

"Sasa naona sheria. Ziko ishirini na tatu. Usiulize lililokwisha kuulizwa. Usitume picha ya skrini. Usiandike kabla ya kutafuta. Usi, usi, usi." Aliinua macho. "Nimeambiwa yote nisiyotakiwa kufanya. Hakuna aliyeniambia nifanye nini. Basi. Naingia chumba kikubwa. Watu wanaongea wao kwa wao. Mimi niko kama mtu aliyeingia harusini bila kumjua bibi wala bwana."

Aliandika polepole, akisema kwa sauti: "Habari zenu. Mimi ni mgeni. Nataka kujifunza lugha hii ya programu mnayoitumia. Sijawahi kuitumia. Nianzie wapi?" Akamgeukia Abdiel. "Na ni kweli. Hiyo sijawahi kuitumia."

Wakangoja. Dakika tano zilipita. Pratik na Suresh waliendelea kubishana wao kwa wao, kana kwamba swali lile halipo. Dakika ya kumi, Hans akaandika: "Jamani, siku hizi kila mtu yumo humu. Mlango wetu una komeo kweli?" Chini yake zikaja katuni tatu za kucheka. Kisha Suresh: "Soma sheria namba nne."

Abdiel alihisi masikio yake yakipata moto.

"Mwalimu, Hans si mtu mbaya. Huo ni utani wake."

"Najua, baba. Wewe unamjua Hans, kwa hiyo umesikia utani. Mimi mgeni simjui. Nimesikia kicheko tu."

"Nisamehe sana."

"Mimi sina neno. Nina ngozi ngumu." Akarudia njegere zake. "Lakini kuna jambo kubwa kuliko kicheko. Unadhani ni nani aliyesoma jibu la Hans?"

"Wewe."

"Na wale elfu moja waliokaa kimya. Kila mmoja aliyekuwa na swali mdomoni amelimeza. Kesho utasema wamelala. Hawajalala. Wamewaona mnavyowapokea wageni, na wakaamua kukaa kimya."

Abdiel alikaa akitazama maganda ya njegere. Hakuwahi kuliwaza jambo hilo. Kwa miaka minne alikuwa akidhani watu wanaokaa kimya hawana cha kuuliza.

"Nifanye nini?"

"Leo usifanye kitu. Nenda nyumbani, watafute wale kumi na saba. Soma walichouliza, kisha soma walichojibiwa. Ila usisome kama mwenye jukwaa. Soma kama aliyeuliza."

Abdiel akafanya hivyo. Alisoma jioni nzima, meza ikiwa imejaa karatasi. Mtu mmoja aliuliza maana ya neno fulani. Aliambiwa hata mtoto analijua. Mwingine alituma kazi yake yote, ndefu, bila maelezo. Hakuna aliyemjibu hata salamu. Mwingine alijibiwa vizuri sana, lakini kwa maneno magumu ambayo hata Abdiel ilibidi ayasome mara mbili.

Swali la kumi na mbili lilitoka kwa mtu aliyejiita Mkulima Kikwe. Lilikuwa na picha ya mfereji, na lilisema hivi: "Salamu kwenu wote. Nimeandika programu ya zamu za maji ya mfereji. Inatuma ujumbe kwa mkulima siku ya zamu yake. Mchana inakwenda sawa. Lakini zamu zote za baada ya saa sita usiku zinawahi siku nzima. Nimesoma sana sijaona kosa. Naomba msaada, watu wanagombana."

Hans alikuwa ameweka katuni ya kucheka. Chini yake kulikuwa na jibu jingine: "Tafuta kwanza, uliza baadaye," pamoja na kiungo cha ukurasa wa Kiingereza unaoeleza jinsi kompyuta inavyoandika saa na tarehe.

Jibu hilo lilikuwa na jina la Abdiel.

Hakukumbuka kuliandika. Labda alikuwa anangoja maji yachemke. Labda alikuwa kazini, mkono mmoja kwenye simu. Alilisoma tena swali na kuona kwamba siku ile hakufika mwisho. Neno "watu wanagombana" alikuwa analiona leo kwa mara ya kwanza.

Anneth alirudi kutoka sokoni, akasimama nyuma yake kumsalimu. Akainama karibu na skrini.

"Mbona umeweka picha ya mfereji wa kwetu?"

"Si yangu. Ni ya huyu aliyeuliza."

"Huo ni mfereji wa kwetu Kikwe, Abdiel. Lile bati jekundu la kuzibia maji nalijua tangu nikiwa mdogo. Na anayeandika zamu pale ni mmoja tu." Anneth aliigusa skrini kwa kidole. "Huyo ni dada Elinipa."

Kisha akasoma jibu lililokuwa chini ya swali. Akasoma na jina la aliyelitoa. Alikwenda jikoni, na Abdiel akasikia sufuria zikiwekwa chini kwa kishindo.

Kesho yake, baada ya ibada, walikwenda Kikwe.

Elinipa ni dada mkubwa wa Anneth. Analima mahindi na maharage, na ni katibu wa kamati ya mfereji. Aliwapokea kwa furaha, akawawekea loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa ya mgando, akauliza habari za mjini. Abdiel alikula kidogo. Kisha akaweka kijiko chini.

"Shemeji, nimekuja kuomba radhi," alisema. "Mkulima Kikwe nimemjua jana."

Elinipa alitazama bakuli lake.

"Nilitumia jina hilo ili watu wasiseme nabebwa na shemeji yangu," alisema. "Nilitaka niulize kama watu wengine."

"Na mimi nikakujibu kama ninavyowajibu watu wengine. Hapo ndipo aibu yangu ilipo."

"Ule ukurasa ulionitumia niliusoma mara tatu," Elinipa alisema. "Nilikaa na kamusi. Sikuona panapozungumzia shida yangu. Nikasema labda mimi ni mzito. Nikafunga kompyuta. Ina wiki tano sasa haijafunguliwa."

Kompyuta hiyo ilikuwa ya zamani. Aliachiwa na mwanawe aliyekwenda kusoma Dodoma. Elinipa alijifunza kuandika programu kwa video za kwenye simu, kidogo kidogo, baada ya kazi za shamba. Ilimchukua miezi minane.

"Na ugomvi?" aliuliza Anneth. "Umeisha?"

"Umeisha wapi! Mzee Saning'o alipata ujumbe siku moja kabla. Akaenda mferejini na jembe lake, akakuta maji yako kwa Ephraimu. Akasema kaibiwa zamu. Wazee wazima wakashikana mashati. Usiku uliofuata, ambao ndio ulikuwa wake kweli, hakupata ujumbe. Akalala. Nyanya zake zikakosa maji wiki nzima, zikakauka. Sasa kamati inakaa Jumatano. Wanataka turudie daftari, lile lililokuwa linapotea kila mwezi. Na katibu abadilishwe."

Abdiel akavuta kiti. "Tuiangalie pamoja, shemeji. Utaniruhusu?"

Wakawasha kompyuta. Elinipa akamweleza hatua kwa hatua. Kompyuta inahesabu saa kwa namna ya Kizungu. Saa moja asubuhi yetu, kwake ni saa saba. Kwa hiyo Elinipa aliifundisha programu kuongeza saa sita kwa zamu za mchana, na saa kumi na nane kwa zamu za usiku. Abdiel alistaajabu. Elinipa alikuwa ameliwaza jambo hilo mwenyewe, bila kufundishwa na mtu.

"Aa, nimeona," alisema Abdiel baada ya muda. "Hii ni rahisi tu, shemeji. Zamu za usiku tunazisogeza mbele siku moja."

Anneth alikohoa. Abdiel akamtazama.

"Sio rahisi," alijisahihisha. "Nadhani nimeona. Tujaribu."

Wakajaribu. Zamu ya Mzee Saning'o ikakaa sawa. Lakini zamu ya saa mbili usiku, ambayo ilikuwa nzima tangu mwanzo, sasa ikachelewa siku nzima. Abdiel alikuna kichwa. Alikuwa ameandika programu kwa miaka tisa. Akajaribu njia nyingine. Hiyo nayo ikaharibu zamu za alfajiri.

"Sijui," alisema mwishowe. "Kusema kweli, sijui."

Elinipa alimtazama kwa mshangao. Kisha akavuta karatasi. Akachora mstari mrefu, akaandika juu yake saa zote za Jumanne, kuanzia alfajiri mpaka alfajiri nyingine. Akaweka kidole kwenye saa sita usiku.

"Shemeji, ngoja nikuulize. Mimi nikisema saa nane usiku wa Jumanne, ni usiku upi?"

"Usiku unaofuata mchana wa Jumanne."

"Na kompyuta inasemaje?"

Abdiel akaufuata ule mstari kwa kidole.

"Kompyuta inasema saa sita usiku Jumanne imekwisha," alisema taratibu. "Saa nane ile, kwake, ni Jumatano tayari."

"Kumbe!" Elinipa alipiga meza, bakuli zikaruka. "Sisi usiku wetu ni mmoja mpaka alfajiri. Yenyewe imeukata katikati! Nusu ya kwanza ni ya Jumanne, nusu ya pili ni ya Jumatano. Basi nisisogeze zamu zote za usiku. Nisogeze zile za nusu ya pili peke yake."

Aliandika mwenyewe. Abdiel hakugusa kibodi. Walijaribu zamu ya saa mbili usiku, ikakaa. Wakajaribu ya saa nane, ikakaa. Wakajaribu ya saa kumi na moja alfajiri. Nayo ikakaa. Elinipa alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge.

"Ule ukurasa niliokutumia," Abdiel alisema, "haukuwa na neno hata moja juu ya saa zetu. Ungeusoma mwaka mzima usingeona kitu. Swali lako lilikuwa gumu hata kwangu."

Kabla ya kuondoka alimwuliza, "Shemeji, siku ile ulipouliza, ungependa kujibiwa vipi?"

Elinipa akaanza kukusanya bakuli.

"Sikutegemea jibu siku hiyo hiyo," alisema. "Ningependa mtu mmoja tu aniambie, swali lako nimeliona. Hata kama hana jibu."

Jumatatu jioni, baada ya kazi, Abdiel alimwita Hans mgahawani karibu na stendi ndogo. Alimweleza yote, kasoro habari za Elinipa na swali lake. Hans alisikiliza huku akitikisa mguu.

"Abdiel, unataka tugeuke chekechea," alisema. "Mimi nilijifunza peke yangu. Hakuna aliyenishika mkono. Mafundi wazuri watakimbia, tutabaki kufundisha watu kuwasha kompyuta."

Abdiel hakubishana naye. Akasema tu, "Kuna swali moja limenishinda. Nisaidie. Programu ya zamu za maji. Wakulima wanasema saa za Kiswahili."

"Ongeza saa sita. Rahisi."

"Nami nilifikia hapo. Zamu ya saa nane usiku wa Jumanne je?"

"Ongeza saa..." Mguu wa Hans ukaacha kutikisika. Akavuta karatasi ya kufutia mikono, akaazima kalamu kwa mhudumu. Akachora. Akafuta. Akachora tena. Chipsi zake zikapoa.

"Kumbe," alisema baada ya dakika kumi. "Tarehe inabadilika katikati ya usiku wao. Hii nzuri! Nani kaliuliza hili?"

"Mkulima Kikwe. Mwezi uliopita. Ulimwekea katuni ya kucheka."

Hans aliitazama ile karatasi. Kisha akaikunja, akaitia mfukoni.

"Mimi nami nilikuwa na kaka aliyenifundisha," alisema kwa sauti ndogo. "Nasema nilijifunza peke yangu, lakini si kweli. Haya. Tuanzie wapi?"

Wakamwendea Mwalimu Harleen. Safari hii Abdiel alimsikiliza kweli. Walipunguza sheria ishirini na tatu zikawa tano, na zote zikaandikwa kwa Kiswahili chepesi. Walifungua chumba kipya, wakakiita Ninaanza. Mle ndani mtu anaweza kuuliza chochote. Chumba cha mafundi waliobobea kilibaki palepale, ili nao wasipotelewe na mahali pao.

"Mfundisheni mgeni namna ya kuuliza," Mwalimu Harleen aliwaambia. "Msimwachie abahatishe. Aseme alitaka nini kitokee, alifanya nini, na aliona nini. Mambo hayo matatu yanatosha. Akisahau moja, mwulizeni kwa upole. Na ninyi mnaojibu, mkimpa kiungo, mwambieni asome sehemu gani na kwa nini."

"Na lile neno rahisi?" aliuliza Abdiel.

"Lifuteni. Ukimwambia mtu jambo ni rahisi, naye limemshinda, umemwambia nini?"

Hans aliuliza lililokuwa likimkera. "Na mtu akimwomba mwenzake amfanyie kazi yote?"

"Usimfanyie. Mwulize amefika wapi, mwongoze hatua inayofuata. Ukimfanyia yote, hatajifunza. Ukimfukuza, hatajifunza pia."

Jumatano kamati ya mfereji ilikaa Kikwe. Elinipa alichukua ule mchoro wake, akaueleza mbele ya wote. Mzee Saning'o aliinua mkono, akauliza swali moja, kisha lingine. Alitaka kujua kwa nini Wazungu waukate usiku katikati. Hakuna aliyeweza kumjibu, watu wakacheka naye. Mwishowe akasema, "Yeyo, mama, nyanya zangu zimekufa, lakini sasa naelewa zilivyokufa. Tuipe programu mwezi mmoja zaidi." Ephraimu akamuunga mkono. Mwezi ule ulipita bila mtu kukosa zamu, na neno la daftari halikutajwa tena.

Jukwaani mambo hayakunyooka mara moja. Wiki ya kwanza kila mtu alitaka kuonyesha ukarimu. Mgeni mmoja alisema habari, akajibiwa "karibu sana" na watu ishirini na sita kwa mpigo. Aliogopa, akatoka. Ndipo wakapanga zamu: wapokeaji wawili kila wiki. Kazi yao ni kumwita mgeni kwa jina, kumwuliza anataka kutengeneza nini, na kuhakikisha hakuna swali linalolala bila mtu kusema ameliona.

Suresh alijisahau, akamwandikia mtu, "Hili kila mtu analijua." Abdiel hakumkemea mbele ya wote. Alimwandikia pembeni, akamkumbusha. Suresh akafuta maneno yake na kuandika upya. Mwingine alikumbushwa mara tatu, akaendelea kudhihaki watu. Huyo alipumzishwa wiki mbili, naye akaamua kuondoka kabisa. Abdiel aliumia, maana alikuwa fundi hodari. Lakini baada ya yeye kuondoka, watu tisa ambao hawakuwahi kusema neno waliandika kwa mara ya kwanza.

Abdiel aliwaandikia pia wale kumi na saba, mmoja mmoja. Aliwaomba radhi na kuwaeleza kilichobadilika. Kumi hawakujibu. Saba walirudi. Wa kwanza kurudi alikuwa Elinipa, safari hii kwa jina lake. Aliandika maelezo mafupi juu ya saa za Kiswahili na tarehe za kompyuta. Wiki hiyo mafundi watatu, waliokuwa wakilipwa kwa kazi hiyo, waligundua kwamba programu zao zilikuwa na kosa lile lile.

Baada ya miezi minne Abdiel alihesabu tena. Mwezi huo walijiunga watu sitini na mmoja. Arobaini waliandika. Ishirini na wanane waliandika tena. Alimsomea Anneth namba hizo kibandani kwake.

"Na wale ishirini na mmoja walionyamaza?" aliuliza Anneth.

"Sijui bado," Abdiel alisema. "Nataka kujua."

Alhamisi moja, wakati wa chakula cha mchana, Abdiel alifungua chumba cha Ninaanza. Kulikuwa na swali jipya. Alilisoma mara mbili, kisha akaangalia jina la mwandishi ili ahakikishe.

"Habari zenu," Hans alikuwa ameandika. "Nimefanya kazi hii miaka kumi. Kuna jambo moja la mwanzo kabisa sijawahi kulielewa. Kila ninapolihitaji nanakili kazi ya mtu mwingine, na naomba Mungu ifanye kazi. Naona haya kidogo. Naomba kuuliza."

Abdiel alianza kuandika jibu. Kabla hajamaliza, mtu mwingine alikuwa ameshajibu. Ni Joyce, muuguzi wa Usa River, aliyekuwa amejiunga mwezi uliopita.

"Karibu, Hans. Mimi pia nilikuwa nanakili tu. Nimelielewa Jumapili iliyopita, baada ya kulichora kwenye karatasi. Nipe dakika tano nipige picha ule mchoro."

Hans akaandika neno moja.

"Nasubiri."